Paka Mafuta Mara Tatu kwa Siku

Nilikwenda kuchorwa chui nikarudi na paka, na kosa ni langu, maana fundi aliniuliza.

Mimi si mtu wa maneno. Maneno ninayo, tena mengi, na mengine hayana adabu kabisa, ila yamekaa tumboni kama wapangaji wasiotaka kuhama. Kazini wananiita Kimya. Kazi yenyewe ni kwa dobi wa nyumba ya wageni, vyumba viwili vya mvuke nyuma ya jiko: kimoja cha kufulia, kingine cha kupigia pasi. Mimi napiga pasi. Shuka, foronya, shuka, foronya, tangu asubuhi mpaka nywele zinanuka wanga. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Redio, na yeyote aliyekaa naye dakika mbili haulizi sababu. Redio ana tatuu tatu mkononi, kila moja jina la mwanamume aliyekwisha kuondoka.

"Wao wamekwenda, wino umebaki," husema. "Wino ndio mume, shoga yangu."

Sasa chui. Niliacha shule darasa la tano, mwaka ule mama alipougua nikabaki nyumbani kumgeuza na kumlisha. Sikutoka na mengi shuleni, lakini nilitoka na picha moja ya kitabu cha kusoma cha darasa la tatu: chui amelala juu ya tawi, miguu inaning'inia, anamtazama msomaji kama vile msomaji ndiye aliyekosea njia. Hajanguruma. Hajafanya lolote. Na unajua kabisa hakuna wa kumsukuma kwenye foleni. Mimi husukumwa kwenye foleni mpaka najikuta nyuma ya watu ambao bado hawajafika. Nikajiambia, mgongoni kwangu panahitaji mtu wa namna ile.

Redio akanipeleka kwa fundi wake Jumamosi, tulipotoka kazini mapema. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na ndani mlikuwa na kitanda chembamba, taa yenye shingo ndefu na harufu ya spiriti. Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, miwani imefungwa kamba. Redio akashuka chini kutazama viatu, nikabaki peke yangu.

"Unataka nani?" fundi akaniuliza.

Hakusema "nini". Alisema "nani". Baadaye nilielewa kwamba huyu bwana michoro yake yote huiona ni watu, na huisema kama watu. Akanipa daftari la michoro. Ukurasa mmoja ulikuwa na wanyama wanne wamelala juu ya matawi, nami nikamgusa chui kwa kidole, nikasema, "Huyu," kwa sauti ambayo hata chui mwenyewe asingeisikia.

"Sawa," akasema fundi. "Lala kifudifudi. Tutamweka hapa nyuma ya bega, ana nafasi ya kunyoosha miguu."

Sindano ilinila saa mbili nzima. Nililia kimya, machozi yakaishia kwenye foronya ya fundi, ambayo ilikuwa imepigwa pasi ovyo, nikaiona hata katikati ya maumivu. Mwisho fundi akazima mashine akajinyoosha.

"Mwili umekamilika. Nimtie madoa, au abaki hivi hivi?"

Nilitaka kusema mtie. Madoa ndiyo chui. Ukimwondolea chui madoa yake anabaki mnyama wa kuzunguka jikoni. Lakini mtu aliniuliza jambo uso kwa uso, na mimi nikiulizwa jambo uso kwa uso wapangaji wangu wote hufunga milango. Kilichotoka ni, "Unavyoona wewe."

Yeye akaona ni saa ya kula.

Akanifunika bega kwa karatasi ya nailoni, akanipa kikopo cha mafuta mazito yasiyo na harufu, na kwa kuwa aliniona sina mdomo wa kuuliza, akaniandikia masharti kwenye kipande cha karatasi. Nilikisoma ngazini, polepole, kidole kikifuata mstari kama nilivyofundishwa. Kiliandikwa hivi:

PAKA.
Mfungue kesho asubuhi.
Muoshe mara mbili kwa siku, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato.
Mkaushe kwa kitambaa safi. Usimsugue.
Paka mafuta mara tatu kwa siku, kidogo tu.
Usimtoe juani. Usimloweshe.
Akiwasha usimkune.
Akianza kubanduka usimsaidie, atabanduka mwenyewe.
Akitoa usaha au akiwa wa moto, mlete.

Nilisoma neno la kwanza mara tatu. Kisha nikakunja karatasi, nikamfuata Redio, na aliponiuliza kama nimependa, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sasa nimseme shangazi. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenichukua baada ya mama kufariki. Ni fundi cherehani. Tumepanga vyumba viwili vinavyofuatana: cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja, cha nyuma ndiko tunakolala. Shangazi ana moyo mweupe na ulimi wa mkasi. Siku aliyoona mkono wa Redio kwa mara ya kwanza alingoja Redio aondoke, akavua miwani, akasema, "Mwili wa mtu si ukuta wa choo." Halafu akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimekaa tu nafungua mshono. "Na wewe, siku utakayojichora, utanitafutia shangazi mwingine. Umenisikia?"

Nilimsikia. Shangazi mwingine sina. Ndiyo maana nilimchagulia chui mahali ambapo macho ya shangazi hayafiki.

Tatizo ni kwamba na mkono wangu haufiki.

Jumapili asubuhi nilijifungia bafuni, lile tunalochangia na wapangaji wengine, na kopo la maji ya uvuguvugu. Kumwosha niliweza, kwa kumwagia kupitia begani. Kumkausha niliweza, kwa kuegemea kitambaa safi nilichokitundika kwenye msumari, kama ng'ombe anayejikuna kwenye nguzo, ila bila kujikuna. Kumpaka mafuta ndiko kulikonishinda. Nilipeleka mkono wa kulia juu, ukaishia njiani. Nikapeleka wa kushoto kupitia kwapani, ukaishia njiani upande wa pili. Mikono miwili ya mtu mmoja na hakuna hata mmoja unaojua mgongo ulipo! Nikatoka, nikaingia jikoni, nikachukua mwiko.

Usinicheke. Mwiko una mkono mrefu na kichwa cha duara, na ukiutia mafuta kidogo nchani unampaka paka vizuri kuliko kidole. Nikauosha kwa sabuni, nikaurudisha mahali pake. Mchana shangazi akaonja mchuzi, akaonja tena.

"Huu mchuzi una mafuta ya nini?"

Nikainua mabega. Lile la kushoto likauma.

Siku za kazi ilikuwa nafuu, maana Redio alikuwa ananipaka nyuma ya rundo la shuka, huku akitoa taarifa kwa sauti kubwa. "Amevimba kidogo, Kimya, lakini ana uso mzuri. Ana uso kama wa mjomba wangu yule aliyekimbia deni." Bosi akipita, Redio anaifunga blauzi yangu na kusema ananitoa mdudu. Kwa sababu ya mdudu huyo bosi alianza kuniangalia kwa mashaka.

Nyumbani nililala kifudifudi kama mjusi. Nikavaa mashati mapana. Nikaacha kuegemea viti. Jumanne shangazi akaniita kwenye kioo.

"Njoo nikupime. Gauni lako la kazi limekuwa tambara, watu watasema fundi hashonei watu wake."

Akaniwekea futi begani, akaivuta kutoka bega hadi bega, na kwa kawaida yake akaikandamiza katikati kwa kidole gumba, sawasawa juu ya kichwa cha paka. Niliona nyota mchana.

"Simama wima! Mbona umejikunja kama ndoano?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi? Jasho linakutoka puani." Akanitazama kwenye kioo juu ya miwani yake, muda mrefu, midomo imebana pini tatu. Kisha akaandika vipimo kwa chaki. "Nitaliacha wazi kidogo mgongoni," akasema. "Ni joto kule kwenye pasi."

Usiku ule sikupata usingizi, na si kwa sababu ya kuwasha peke yake.

Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta shangazi ameketi kwenye kiti cha cherehani, lakini cherehani imefunikwa. Cherehani haifunikwi saa kumi na moja za jioni isipokuwa kuna msiba. Mkononi alikuwa na karatasi ile ya masharti. Nilikuwa nimeificha ndani ya foronya, mimi ninayepiga pasi foronya mia kwa siku, mahali pa kwanza ambapo mtu yeyote angeikung'uta.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nimesoma. Najua kila kitu. Nataka kusikia kwako. Umemficha wapi?"

Nilishusha macho. Moyo ulikuwa unapiga mpaka paka mgongoni akawa anaruka.

"Sikulaumu kwa kumpenda," akaendelea shangazi, na sauti yake, jambo la ajabu, haikuwa ya mkasi. "Nakulaumu kwa kunificha. Ni mkubwa?"

Nikafungua kiganja kumwonyesha. Kiasi hiki.

"Mdogo hivyo! Maskini. Mama yake yuko wapi?"

Hapo nikainua uso.

"Maana humu," akasema, akipigapiga karatasi, "naona ana ngozi inabanduka. Na usaha! Umeniletea paka mwenye upele kwenye nyumba ninayoshonea watu nguo? Halafu ni nani huyu mganga wenu wa wanyama?" Akasogeza karatasi mbali na macho, akasoma kwa sauti. "'Paka, mafuta mara tatu kwa siku.' Mara tatu! Mimi mwenyewe mafuta nayaona mara moja, na siku nyingine mchuzi unapata yasiyojulikana yametoka wapi!"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kilichobaki ni kupita. Lakini nilimwona shangazi amekaa pale na miwani yake ya kusomea, hajakasirika, ananisikitikia mimi na mnyama ambaye hayupo, na nikaona jinsi ule uso utakavyogeuka. Nikafanya ninachokijua. Nikanyamaza, nikaelekeza kidevu upande wa uani, ambako kuna pipa la maji.

"Nyuma ya pipa?" Akashusha pumzi. "Sawa. Lakini sikia, mwanangu. Mama Kanuni akimwona, tumekwisha. Sitapata tena chumba cha mbele chenye mwanga namna hii. Hakuna kumwingiza ndani."

Mama Kanuni ndiye mwenye nyumba. Jina lake la kweli lipo, lakini hakuna anayelitumia, tangu alipobandika kanuni kumi na nne ukutani kwenye korido, kwa herufi kubwa, ndani ya nailoni ili zisilowe. Ya saba inasema: HAIRUHUSIWI KUFUGA MBWA, PAKA, KUKU WALA NJIWA. Njiwa waliongezwa kwa kalamu baada ya mpangaji mmoja kusema hawakuandikwa.

Kesho yake asubuhi shangazi akanipa kisahani cha maziwa. "Mpelekee."

Nikaenda nacho nyuma ya pipa. Nikakaa pale nimechuchumaa, kisahani mkononi, nawaza. Nikimwaga atayaona ardhini. Nikiyaacha yataganda, atajua. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanywa.

"Amekunywa?" shangazi akauliza.

Nikaonyesha kisahani kitupu.

"Yote? Basi atapona."

Siku ya pili yalikuwa maziwa na ganda la mkate. Ya tatu, kichwa cha samaki, na kichwa cha samaki nyuma ya pipa la maji saa kumi na mbili asubuhi, bila chumvi, ni jambo ambalo sitamsimulia mwanaume atakayenioa. Shangazi akawa anapita mwenyewe uani akirudi kununua vifungo, anachungulia, anaita, "Nyau, nyau, toka mama, sina ubaya nawe." Anarudi ndani anasema, "Ana haya, huyo. Kama wewe."

Jumatatu nilikuta ameshona kigodoro. Kidogo kiasi cha sahani ya chakula, vipande vya vitambaa vya wateja vimeungwa, zambarau, kijani, kile cha maua cha mke wa daktari, na pembeni mshono wa mzunguko ambao huwa anawawekea mabibi arusi tu. Ndani amejaza mabaki ya pamba. "Asilale kwenye saruji," akasema bila kunitazama. "Ana kidonda."

Nilikibeba hadi nyuma ya pipa, nikakiweka, nikakitazama. Mgongoni paka wa kweli alikuwa anawasha kama amejaa siafu, maana ndiyo siku alizoanza kubanduka, vipande vyembamba vyeusi vinabaki ndani ya shati kama majani ya chai. Usimkune. Usimsaidie. Nikauma kidole. Kuwasha kwa ngozi nilikuwa nimekuzoea. Kigodoro ndicho kilichonitesa.

"Mwambie," Redio akaniambia kazini, akinipaka mafuta. "Fungua mdomo useme: shangazi, paka ni tatuu. Maneno manne. Hata kasuku anaweza."

"Atanifukuza."

"Sasa je? Utakunywa maziwa mpaka lini? Umeshaanza kunenepa, paka mwenyewe anatanuka."

Jumatano ya pili, siku ya kumi na moja, nilirudi nikasikia sauti ya Mama Kanuni tangu mlangoni. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, amevaa viatu vyake vya ndani vya ukaguzi, mkono mmoja ameshika kisahani, mwingine kigodoro. Kalamu ilikuwa nyweleni, mahali pake pa siku zote.

"Nyuma ya pipa, Fundi," alikuwa anasema. "Nyuma ya pipa langu la maji. Maziwa. Kitanda. Kitanda chenye mshono wa arusi! Unataka kuniambia ni cha panya?"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya cherehani kama mtu aliyejikinga na ng'ombe. "Siwezi kukuambia ni cha panya."

"Basi ni cha nani?"

"Ni cha paka."

"Paka wa nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, bega lile zuri. Shangazi aliniona. Alinitazama kidogo tu, halafu akageuza uso kwa Mama Kanuni, akanyoosha mgongo.

"Wangu," akasema shangazi. "Paka ni wangu. Huyu mtoto hajui lolote."

"Miaka tisa, Fundi! Miaka tisa hujavunja hata ya kumi na tatu, ambayo watu wote wanaivunja!" Mama Kanuni alionekana ameumia kweli. "Mimi nikisema namba saba kwa huyu na nisiseme kwa yule, nyumba itakuwa zizi. Mwisho wa mwezi. Wewe, paka wako na cherehani yako."

Shangazi akaweka kiganja juu ya cherehani, kama unavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Sijui nieleze vipi kilichotokea tumboni. Wapangaji wote walitoka kwa mpigo, na mizigo yao.

"Hakuna paka!" nikasema.

Wote wawili wakageuka. Sidhani kama Mama Kanuni aliwahi kusikia sauti yangu zaidi ya shikamoo.

"Maziwa nilikunywa mimi," nikasema. "Na mkate. Na kichwa cha samaki." Shangazi akafungua mdomo. "Paka yupo, ila yuko mgongoni."

Nikaweka mkoba chini, nikafunga mlango, nikawapa mgongo, nikashusha shati begani.

Kukawa kimya, kimya cha watu wengine safari hii. Nilisikia viatu vya ukaguzi vinakaribia. Nilisikia pumzi ya Mama Kanuni kwenye ngozi.

"Ana upele," akasema.

"Anabanduka," nikasema. "Imeandikwa."

Nyuma yangu karatasi ikachakarika. Shangazi alikuwa ameitoa kwenye mfuko wa aproni, nikamsikia anasoma kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayefumua nguo yote. "Mfungue... muoshe... usimsugue..." Halafu akasimama kidogo. "Paka mafuta," akasema. "*Kupaka*. Kupaka mafuta!" Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Mwiko wangu!"

"Paka ni paka," akasema Mama Kanuni, ambaye hakutaka mazungumzo yahame. "Kanuni ya saba haisemi wa manyoya au wa wino. Nikiruhusu wa wino, kesho mtu ataleta wa udongo, keshokutwa wa kweli."

Hapo ndipo nilipogeuka, shati likiwa bado limening'inia, nikamtazama usoni. Nadhani nilimtazama kama yeye ndiye aliyekosea njia.

"Si paka," nikasema. "Ni chui."

"Chui gani asiye na madoa?"

"Fundi alikwenda kula."

Shangazi akatoa sauti puani. Mama Kanuni hakucheka, maana kanuni hazicheki.

"Namba saba nimeisoma," nikaendelea, na ulimi ulikuwa unaniteleza kwa utamu wa kusema. "Nasoma polepole, lakini nasoma. Mbwa, paka, kuku, wala njiwa. Chui hayumo."

Mama Kanuni akasimama. Akafikiri. Akaweka kigodoro na kisahani juu ya meza ya kukatia, akafungua mlango, akaenda koridoni. Tulimsikia anachomoa kalamu nyweleni. Tulisikia nailoni inafunuliwa. Aliporudi alichungulia kichwa tu.

"Wala chui," akasema. "Kuanzia leo."

"Wangu alihamia Jumamosi ya wiki ile nyingine," nikasema.

Akanitazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mpangaji mpya. Kisha akamtazama shangazi. "Huyu si alikuwa hasemi?"

"Nami nashangaa," akasema shangazi.

Mama Kanuni akaondoka. Viatu vyake vikaenda mpaka mwisho wa korido, na hakuna tena aliyezungumza habari za mwisho wa mwezi.

Tukabaki wawili. Nikapandisha shati. Shangazi akaketi kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikajua sasa ndiyo zamu yangu, na hii haikuwa na namba ukutani.

"Nilikuambia nini?" akauliza.

"Nikutafutie shangazi mwingine."

"Haya."

"Nimetafuta," nikasema. "Sijampata anayewashonea godoro paka wasiokuwepo."

Akanitazama. Kidevu chake kikaanza kutetemeka, nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake kibaya cha pini mdomoni, cha kubana ili asizimeze, ingawa mdomoni hakukuwa na pini hata moja. Alicheka mpaka akashika meza. "Kichwa cha samaki!" akasema. "Bila chumvi!" Kisha akaacha ghafla, akanionyesha kiti.

"Geuka. Shusha hilo shati. Nimekasirika bado, usidhani nimemaliza."

Nikageuka. Akawasha taa ya cherehani, akaivuta, nikahisi joto lake begani. Akamkagua chui kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine, yaani bila huruma.

"Mgongo wake ameuvuta vizuri," akasema. "Mkia pia. Hapa kwenye mguu wa nyuma amepinda kona vibaya, alikuwa na haraka. Huyu mtu anajifunzia kwa watu?"

"Ana miaka mingi, shangazi."

"Na madoa?"

"Aliniuliza. Nikamwambia anavyoona yeye."

Akapapasa mkobani mwangu, akatoa kikopo cha mafuta. Nilimsikia anakifungua. Kidole chake kilikuwa kigumu, kimejaa alama za sindano, na kilipaka mafuta kidogo tu, kwa mzunguko, bila kusugua, sawasawa na karatasi. Ilikuwa mara ya tatu siku ile, na mara ya kwanza tangu Jumamosi ile kutobaki hata sehemu moja kavu.

"Akishapona," akasema, "utarudi kwake, utamwambia madoa. Utasema mwenyewe. Mimi nitakaa hapo kwenye kiti, sitafungua mdomo."

"Utaweza?"

"Nyamaza, we paka."

"Chui," nikasema.

Akanipiga kofi dogo, bega lile zuri. Kisha akainuka, akaenda jikoni, na kupitia mlango nilimwona ameuinua mwiko kwenye mwanga, anaunusa.